Betri Chini ya Kitanda cha Wageni

Jumatatu, 4 Juni

Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nimetoka hospitali na niko kwa binti yetu, chumba cha mbele, mguu wa kushoto juu ya mito miwili. Daktari ameunganisha mfupa wa goti kwa waya na skrubu mbili. Goti linaendelea vizuri.

Nakuandikia kuhusu Kobe. Tangu nianguke pale kwenye mteremko wa stoo tarehe 29 Mei sijui nani alimwingiza ndani, na najua hakuna aliyemwandaa kwa mapumziko. Shule imefungwa, mvua zimekwisha, nyasi za uwanja hazitaota mpaka mwisho wa Agosti. Mashine ya kukatia nyasi kama yeye huharibika zaidi kwa miezi mitatu ya kusimama kuliko kwa miaka mitatu ya kazi. Wewe ndiye mtunza stoo na funguo unazo. Hujawahi kushika spana, kwa hiyo nitaeleza kila kitu. Usikasirike. Ningeweza kupiga simu, lakini maagizo ya simu husahaulika kabla chai haijapoa. Barua unaibandika ukutani.

Anza na petroli. Mwombe dereva wa shule amtoe Kobe nje kabla hajaenda likizo. Amimine petroli ya tangini kwenye debe, kisha amwashe na, akiwa kitini, amwache aungurume mpaka azimike mwenyewe kwa njaa. Petroli ikilala ndani ya kabureta hugeuka gundi. Baada ya hapo chomoa waya wa plagi, ndipo uweke mkono chini kwenye visu, si kabla. Kwangua nyasi zilizoganda kwa kipande cha mti, kausha, paka oili. Muweke juu ya matofali ili matairi yasibonyee. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa. Panya hupenda sana nyumba yenye mlango mmoja.

Sasa betri. Iko chini ya kiti. Spana namba kumi. Fungua waya mweusi kwanza, halafu mwekundu. Siku ya kurudisha ni kinyume: mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Usiiache stoo, kwa sababu lile bati linachemka na joto huinyonya betri. Ipeleke kwako, chumba chenye hewa, mbali na jiko, juu ya ubao. Watu husema sakafu hunyonya umeme. Hayo ni maneno ya vijiweni, lakini sakafu yako naijua, ina maji kila asubuhi.

Kila Jumamosi ipime kwa ile mita ya njano na uniandikie namba. Ukimaliza, mita irudi stoo msumarini mwake siku hiyo hiyo. Tarehe 7 Julai irudishe betri stoo uichaji kwa chaja ya ukutani, mchana kutwa.

Nisamehe kwa barua ndefu. Nimebakiza miaka miwili kustaafu na ninataka kuimaliza nikiwa juu ya Kobe.

Wako,
Fundi


Jumapili, 10 Juni

Bwana shemeji,

Pole kwa goti. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikwambia mbele ya watu: liache hilo debe la oili, mteremko una umande. Ukanijibu, "Nimeteremka hapa miaka kumi na moja." Haya, umeteremka tena, safari hii kwa mgongo.

Kazi yako imekwisha. Dereva alimwasha Kobe siku ya Jumatano, akaunguruma robo saa, akakohoa mara mbili, kimya. Dereva akavua kofia kama yuko msibani. Nikamwambia rudi hapa umuinue tumtie matofali, kulia utalia baadaye.

Kule chini nimekwangua nyasi za unene wa vidole viwili. Ndani yake nimekuta kijiko cha bwenini, kalamu mbili na kifungo cha shati. Kijiko nimekirudisha jikoni. Nimeelewa sasa kwa nini Kobe alikuwa anapiga kelele kama sufuria.

Waya mweusi kwanza, mwekundu pili, sikuona cheche yoyote. Betri yenyewe nzito kuliko ulivyosema. Kweli hukusema kitu, na hilo ndilo kosa lako. Niliibeba ndani ya beseni nikaifunika kwa taulo kwa sababu ya vumbi, na jirani yangu kanisimamisha getini: "Hongera, umejifungua lini?" Nikamwambia ni wa shemeji. Sasa subiri utakavyosemwa huku.

Ipo chini ya kitanda cha wageni, juu ya ubao, dirisha wazi. Jana Jumamosi imesoma volti 12.68. Mita imerudi msumarini. Barua yako nimeibandika nyuma ya mlango wa stoo.

Marehemu dada, mkeo, alikuwa akisema ukimpa huyu mtu sindano ataiandikia mahali pa kulala. Nilikuwa nacheka. Sasa ninapima betri kila Jumamosi.

Ni mimi,
Mama Funguo


Jumatatu, 18 Juni

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara mbili na binti yetu ameisoma mara tatu, kwa ajili ya mtoto wa beseni. Umefanya kazi safi. Hata yule msaidizi niliyepewa mwaka juzi hakuwahi kukwangua mpaka kwenye pembe.

12.68 ni namba ya betri yenye afya. Nimeinakili kwenye daftari langu pamoja na tarehe. Usishangae ikishuka kidogo kila wiki. Betri hata ikikaa bila kazi hujila yenyewe taratibu. Ikifika 12.40 kabla ya siku ya kuichaji, usingoje siku. Na ukiona unga mweupe kwenye vichwa vyake, usiuguse kwa mkono. Mswaki mkuukuu na maji ya moto, kisha kausha.

Hapa siku zinafanana. Asubuhi mazoezi, mchana dirishani. Jirani wa mbele anakata nyasi zake kwa panga, anaruka sehemu, ananikera. Goti linaendelea vizuri.

Wako,
Fundi


Jumapili, 15 Julai

Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Namba zako hizi:

16 Juni, 12.66
23 Juni, 12.64
30 Juni, 12.64
7 Julai, nimeichaji kama ulivyosema, 12.64
14 Julai, 12.64

Stoo iko salama. Kobe yuko salama. Usiwe na wasiwasi na wewe tulia upone.

Shemeji yako


Jumanne, 24 Julai

Shemeji,

Nimekaa na barua yako siku nne kabla ya kujibu, kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Hasira imepita. Imebaki hofu.

Nimeziweka namba zako kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Tatu za kwanza zinateremka kama inavyopasa: 12.68, 12.66, 12.64. Kisha zinasimama. Betri haisimami, shemeji. Na hiyo uliyosema umeichaji mchana kutwa ingepanda mpaka 12.70 na zaidi. Yako imechajiwa na haikupanda hata nukta. Betri ya namna hiyo haijatengenezwa bado.

Kuna na mengine. Barua yako ya kwanza ilijaa mpaka pembeni. Hii ina mistari kumi na haina utani hata mmoja. Na kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu hukutia sahihi ya Mama Funguo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe si mwongo, kwa hiyo nataka kujua ni nini kilichokufanya uipite njia hiyo. Kama umeiangusha betri, sema. Kama imeibwa, sema. Uwanja ukifunguliwa tarehe 3 Septemba na Kobe hawaki, hakuna atakayesikiliza habari za volti.

Niandikie ukweli, hata ukiwa mstari mmoja.

Fundi


Jumatano, 1 Agosti

Shemeji,

Mstari mmoja hautoshi.

Tarehe 26 Juni makamu mpya wa mkuu wa shule alibadilisha kufuli za stoo zote. Hakuniambia kabla. Nimefika asubuhi, ufunguo hauingii, nikadhani nimechukua wa jikoni. Akatoka ofisini na daftari mkononi, akaniambia, "Mama, tunahesabu mali ya shule. Funguo zote kwa sasa zinakaa kwangu." Nikamwomba niingie dakika tano tu, nina kitu changu. Akasema, "Kitu chako ndani ya stoo ya shule? Kipi?" Nilitaka kusema mita. Nikaona mita si yangu, nikageuka nikaondoka.

Kesho yake alimjaribu Kobe. Aliuzungusha ufunguo, kimya. Akauzungusha tena, kimya. Shemeji, si kwamba Kobe ni mbovu, betri iko kwangu na petroli tumeitoa. Lakini yeye hakufunua kiti. Aliandika kwenye orodha yake, na nimeiona kwa macho yangu imebandikwa ubaoni: "Mashine ya kukatia nyasi, ya kupanda, moja. Haiwaki. Iuzwe chuma chakavu." Mnunuzi anakuja wiki ya kufungua shule. Nyasi watapewa vijana wa kampuni wenye mashine za kuning'iniza begani, na Kobe akiondoka na wewe umeondoka.

Utaniuliza kwa nini sikusema pale pale kwamba betri iko kwangu. Kwa sababu chini ya orodha ile kuna tangazo: mtumishi yeyote atakayekutwa na mali ya shule nyumbani kwake amejifukuzisha kazi. Sababu ni mapazia ya bwalo yaliyopotea. Na mimi betri nimeipitisha getini ndani ya beseni, imefunikwa taulo, na jirani ni shahidi. Ungekuwa wewe makamu ungesemaje?

Tuliitunza vizuri mno, ndiyo iliyotuponza. Ningekuwa mvivu nikaacha betri chini ya kiti na petroli tangini, ingewaka siku ile na yasingetokea haya.

Wewe sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeshuka kitandani na skrubu zako mbili ukapanda basi. Nikasema moyoni, nitampa 12.64 atulie. Sikujua kama betri ina tabia.

Sasa na mimi nina daftari, sema liko kichwani. Barua zako mbili zina sentensi moja inayofanana neno kwa neno: "Goti linaendelea vizuri." Tarehe 4 Juni linaendelea vizuri, tarehe 18 linaendelea vizuri. Hiyo ya Julai hukulitaja kabisa. Hilo goti lako, bwana shemeji, linasoma 12.64. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nipe namba ya kweli kama nilivyokupa.

Shemeji yako, ambaye funguo hana


Alhamisi, 9 Agosti

Shemeji,

Umenikamata na sina pa kukimbilia, hasa kwa kuwa kukimbia kwenyewe siwezi.

Namba ni hii. Mtaalamu wa mazoezi ana kifaa kama kipimapembe cha shule, hukiweka ubavuni mwa goti. Goti lililonyooka ni sifuri. Ili kupanda Kobe na kukanyaga ile pedali ya kushoto, ninahitaji kulikunja nyuzi tisini. Nilipotoka hospitali lilikunja ishirini. Sasa linakunja arobaini na moja. Daktari alisema tarehe 12 Julai kwamba labda litafika sabini, na tisini nisiiweke akilini. Binti yetu nilimkataza kukuambia. Kwenye daftari nimeandika namba hizi kila siku, na kwenye barua nikakuandikia "vizuri". Sikuweza kuandika kwamba ninamtunza Kobe ambaye sitamwendesha.

Sasa tufanye kazi. Kwanza betri. Mpelekee fundi umeme wa magari pale mkabala na soko, yule mwenye sikio moja kubwa, umwambie umetumwa na mimi. Apime mbele yako. Usikubali achaji kwa haraka. Chaji ya haraka huipika betri. Usiku mmoja na mchana mmoja, moto mdogo.

Pili, nimeambatanisha karatasi ya ofisini. Mkabidhi makamu mkononi mwake. Nimeandika kwamba betri ilitolewa kwa maagizo yangu ya maandishi ya tarehe 4 Juni, kwamba maagizo hayo yamebandikwa nyuma ya mlango wa stoo ileile aliyoifunga, na kwamba kama kuna mwizi basi mwizi ni mimi na anwani yangu iko juu ya karatasi. Nimemwomba asimuuze Kobe kabla ya kumjaribu akiwa na betri na petroli.

Nimeongeza aya ya tatu. Sikutaka kuiandika, nikaiandika. Nimesema kwamba mashine ni nzima ila dereva wake si mzima, na kwamba mtu pekee aliyeitunza mwaka huu, na anayeweza kufundishwa kuiendesha, ni mtunza stoo. Kama hutaki, ikate kwa mkasi kabla ya kuipeleka. Haitaharibu mbili za juu.

Fundi


Jumapili, 19 Agosti

Bwana shemeji,

Sikuikata. Niliushika mkasi, lakini sikuikata.

Fundi mwenye sikio alipima: 12.31. Akanitazama. "Mama, hii mlikuwa mnaiimbia?" Nikamwambia tulikuwa tunaiandikia barua. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Ameichaji siku nzima na usiku, nilipoichukua imesoma 12.74, na nilipoipima jana kwa mita yake ilikuwa 12.71. Imeshuka, umeona? Ya kweli.

Kwa makamu nilikwenda Jumanne saa nne. Aliisoma karatasi yako amesimama. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaketi. "Kwa hiyo betri iko wapi?" Nikasema iko chini ya kitanda cha wageni. "Cha wageni," akasema. Nikasema ndiyo, changu kina uvungu mdogo. Akachukua rundo la funguo, tukaenda stoo. Akaufunga mlango kwa ndani ili auone upande wa nyuma. Barua yako ipo, imekunjika pembe, na pale kwenye betri pameandikwa vilevile kama ulivyosema: ipeleke kwako. Akaisoma yote, hata ya panya.

Akaniambia, "Huyu mzee angenifundisha mimi, ningefaulu fizikia." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini orodha imekwenda kwenye kamati. Siwezi kufuta kwa sababu ya barua. Tarehe 3 Septemba, saa tatu asubuhi, kamati ikiwepo. Akiwaka na akakata, ninafuta. Asipowaka, mnunuzi yupo getini saa nne."

Nikamuuliza na habari ya betri kuwa nyumbani kwangu. Akasema, "Nitaandika kwamba ilikuwa imelazwa." Nikatoka kabla hajabadilisha mawazo.

Dereva bado yuko likizo. Atakayekaa juu ni mimi. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, unalijua hilo, ulikuwepo siku ile niliyoingia uani kwa watu na baiskeli ya dada. Kwa hiyo niandikie tena kama mtu asiyejua kitu. Safari hii sitakasirika.

Shemeji yako


Jumapili, 26 Agosti

Shemeji,

Barua hii ikunje uiweke mfukoni, usiibandike.

Ijumaa, siku tatu kabla, mwombe makamu akufungulie. Toa kitambaa cha bomba la moshi. Funua boneti uangalie kwenye feni, kwa sababu hata bomba likizibwa panya hutafuta dirisha. Jaza matairi upepo, mtoe kwenye matofali. Petroli mpya, ya zamani tupa mbali na maua. Pima oili kwa kijiti. Rudisha waya wa plagi.

Betri irudishe asubuhi ileile ya Jumatatu: mwekundu, kisha mweusi. Kaza mpaka isicheze.

Kaa kitini. Kiti kina swichi chini yake. Kobe hawaki kama hakuna mtu juu, na ukiinuka huzimika. Kanyaga pedali ya kushoto mpaka mwisho usiiachie. Vuta kile kinobu cha kuziba hewa, chenye picha ya kipepeo. Zungusha ufunguo. Kwa kuwa kabureta ni kavu, ataguna sekunde kadhaa kabla ya kushika. Usizidishe sekunde kumi, pumzika, rudia. Akishika, rudisha kinobu. Visu ndivyo vya mwisho kuvishusha, ukiwa umeshaanza kwenda.

Kata mstari wa kwanza kando ya uzio, usitazame chini, tazama mti wa kona. Anayetazama chini hukata kama jirani yangu.

Sina kingine. Nimesoma barua hii mara tano nikitafuta nilichosahau na sijakiona.

Fundi


Jumatatu, 3 Septemba

Shemeji,

Ulichosahau ni kiti.

Nakuandikia nikiwa bado nanuka petroli. Kamati ilikuwa watu wanne, na makamu wa tano, na mnunuzi wa chuma chakavu amekuja mapema na mkokoteni wake, ameegemea geti. Betri ilisoma 12.68 saa moja na nusu, namba ileile ya siku ya kwanza, na hii nakuapia sikuitunga. Feni ilikuwa na kiota cha panya kweli, nilikitoa Ijumaa, mwenyewe hakuwepo.

Nikakaa. Nikakanyaga pedali, mguu haukufika mwisho. Nikajivuta mbele, ikafika. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata kuguna hakuna. Nikarudia, kimya. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Mama, tusipoteze muda wa watu." Mnunuzi akaacha kuegemea geti. Makamu nilimwona amechomoa kalamu.

Nikatoa barua yako mfukoni, nikaisoma juu ya Kobe mbele ya wote. Watu wakaanza kukohoa. Mwekundu, mweusi, nimefanya. Plagi, nimefanya. Nikafika pale: kiti kina swichi. Nikajitazama. Nilikuwa nimekaa ncha ya kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari, makalio yamening'inia nje. Kobe hakujua kama kuna mtu.

Wewe una miguu ya korongo. Kiti kile kimekaa mahali pamoja miaka kumi na moja kwa sababu ya miguu yako, ndiyo maana hukuandika. Hujawahi kujua kwamba kinasogea. Nikashuka, nikapiga magoti, nikapapasa chini yake, nikakuta kijiti cha chuma kimeshika kutu. Nikakivuta, hakivutiki. Makamu akaweka kalamu mfukoni, akaja, tukakivuta wote wawili. Kikalia kama mlango wa kaburi, kikasogea tundu mbili mbele.

Nikakaa. Mguu ukafika. Aliguna sekunde sita, nilizihesabu, nikapumzika, nikarudia, na ya pili akashika. Moshi ukawaingia wanakamati wote.

Mstari wa kwanza niliutazama mti wa kona. Umenyooka mpaka katikati, hapo mwenyekiti akanipigia makofi nikageuka kumwangalia, ukapinda. Ule mpindo utauona ukija, nimeuacha makusudi ili usinione nimezidi kujua. Mizunguko minne nilikwenda. Saa nne mnunuzi aliondoka na kitanda kimoja cha bwenini na mkokoteni mwepesi.

Makamu alifuta yale maneno ya orodha mbele yangu kwa mstari wa rula. Akaandika juu yake: "Inawaka. Dereva: mtunza stoo, kwa majaribio ya muhula mmoja. Matunzo na mafunzo: fundi, akirejea." Nikamuuliza akirejea na goti la namna gani. Akasema, "Mafunzo hayakanyagi pedali."

Halafu akanirudishia funguo. Zote, hata wa jikoni.

Goti linasoma ngapi?

Mama Funguo


Jumanne, 11 Septemba

Shemeji,

Asubuhi hii, nyuzi hamsini na mbili. Ijumaa ilikuwa hamsini na nne. Limevimba kidogo, limeshuka. Naandika zote mbili.

Nitapanda basi tarehe 29. Niwekee kiti cha kawaida nje ya stoo, kivulini, mahali ninapoweza kuuona uwanja mpaka kona.

Cha Kobe kiache hapo hapo ulipokisogeza. Kijiti kipake oili kisirudi kushika kutu.

Fundi